Pembe za Julai

Kwa Urpo, dereva wa basi la mwisho, Kajaani

Ulipoandika kwa penseli nyuma ya risiti ya kahawa,
"Betri yenu ni mwongo,"
nilicheka kwanza. Nisamehe.
Nilikuwa maabara, nyuzi ishirini, soksi nyembamba,
mota imekazwa kwa bolti nne juu ya meza ya chuma,
inazunguka pasipo kwenda popote,
na jedwali langu limejaa,
kila kisanduku na pembe yake.

Wewe ulikuwa umekwama vituo viwili kabla ya karakana,
usiku wa manane, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na nesi mmoja amebaki kiti cha nyuma,
hajui ashuke ama akae.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Asilimia tatu, niliwaambia wenzangu, ni kitu gani?

Acha nikueleze yaliyo chini ya miguu yako.
Ndani ya mota mna rota, ndani ya rota mna sumaku,
zimekaa kama kokwa katika tende.
Nje yake shaba iliyosukwa; ndani ya shaba, mkondo.
Mkondo unazunguka, rota inaufuata,
haitangulii, haichelewi,
hatua kwa hatua tangu kituo cha kwanza.
Lakini kufuatana si kukumbatiana:
baina yao ipo pembe,
na mimi nalipwa mshahara kuichagua.
Nikikosea, basi linakwenda vilevile,
abiria hawajui, wewe hujui,
ila shaba inapata homa
na ampea zinateketea bila kusukuma gurudumu.
Nikipatia, mkondo mdogo unapanda mlima wote.

Kisha ukishika kasi barabara kuu
sumaku hugoma,
husukuma volti kinyume na betri.
Hapo natuma mkondo mwingine wa kuzibembeleza tu.
Huo hausukumi kitu.
Huo ni mahari tunayolipa kwa kasi,
na mahari nayo ina kipimo.

Wiki nzima nilisaka kosa kwenye programu,
mstari kwa mstari, kama mtu anayechambua mchele
huku jiwe liko kinywani mwake.
Alhamisi nikapanda basi lako, kompyuta magotini.
Hukuniuliza jina. Ulisema,
"Hita nimeizima. Kaa karibu na mtu."
Hapakuwa na mtu.

Mto umeganda. Taa za kiwanda cha mbao.
Kila tulipoondoka kituoni nilisoma volti,
na kila mara zilikuwa juu ya jedwali langu,
juu kidogo,
juu tena,
mpaka vidole vikafa ganzi na akili ikaamka:

sumaku ikipoa huwa kali zaidi.

Nilifundishwa hilo mwaka wa pili.
Nililijibu kwenye mtihani, nikapewa maksi zote,
nikalisahau siku ileile.
Jedwali nililipima kiangazi, madirisha wazi,
harufu ya nyasi zilizokatwa ikiingia.
Urpo, ulikuwa ukiendesha Januari
kwa pembe za Julai.

Sikuongeza betri. Sikuongeza shaba.
Niliifundisha mota kuzipapasa sumaku zake kwanza,
ijue zimeamkaje,
halafu nikasogeza pembe: nyuzi nne hapa,
mbili pale, mahali pengine nusu,
kazi ambayo hata mama yangu, nilipomweleza kwa simu,
aliuliza, "Na ulipwe kwa hilo?"

Jumatatu risiti nyingine ilikuwa mezani pangu,
imekunjwa mara nne, ina doa la kahawa.
"Limefika karakana.
Nesi anauliza kuhusu hita."